Ruta ya Njia Mbili

Tangu niache kazi, haipiti siku bila mtu kunisimamisha barabarani na kuniuliza anunue ruta gani. Nikienda sokoni kutafuta unga, naulizwa. Nikitoka kanisani, naulizwa. Hata kwenye kilio cha jirani, mtu mmoja alinivuta pembeni, akapangusa macho, akataka kujua kama ile yenye antena nne inashinda ile yenye mbili. Nilimjibu kwamba antena si watoto, kuwa nazo nyingi si baraka. Akarudi kulia.

Ninyi mnaoendelea na kazi pale atelie, karakana yetu ya mtandao, mliniomba niandike niliyoyaona, maana nilizoea kuongea kidogo na mlihofia nitaondoka nayo yote. Sawa, naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, mambo hayo yalipita na hayakunifundisha kitu. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na nyumba zilizonishinda. Iliyonishinda kuliko zote ni yangu mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna simu inayosubiri mtoto apige, na hiyo nitaifikia kwa zamu yake. Muda ninao. Nyumba ina vyumba vinne na mimi natumia kimoja.

Nilianza na simu za waya, wakati mgodi wa hapa Kolwezi ulikuwa na mtandao wake wa ndani, kutoka ofisi hadi karakana, kutoka nyumba za wakubwa hadi hospitali. Intaneti hatukuwa tumeisikia. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa, nikidhani nitapewa meza. Papa Ngoie, aliyekuwa mkuu wa waya, alinitazama kuanzia juu hadi chini, akanitwisha bunda la waya begani na kuanza kutembea. Hakugeuka nyuma. Kufika mchana shati langu lilikuwa na rangi ya barabara, na mke wangu Odile, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba, alilifua mara tatu na kisha akalifanya kitambaa cha kupangusia meza.

Papa Ngoie alikuwa Muluba wa kaskazini ya Katanga, mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyetembea na koleo mfukoni hata siku ya misa. Alikuwa na desturi moja iliyoniudhi. Tukiingia nyumba ya mtu hakufungua mfuko wa vyombo kwanza. Alitafuta kiti, akaketi, akapokea maji, akauliza habari za watoto. Mimi nilibaki nimesimama na bunda langu.

“Mbele ya kufungua saki, uikale chini,” aliniambia siku moja nilipoonyesha haraka. “Uliza mwenye nyumba: unataka kusema na nani? Waya haina akili. We njo unapashwa kuwa nayo.”

Akili ni wajibu wa fundi: nikadhani ni maneno ya wazee. Lakini wiki ileile tuliingia kwa injinia mmoja aliyetaka simu yake iwekwe sebuleni, karibu na kabati la vyombo, wageni waione. Papa Ngoie akauliza swali lake. Injinia akasita, na mkewe akajibu kutoka jikoni kwamba simu waliiomba kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa mgonjwa chumba cha nyuma na alitaka kusikia sauti ya dada yake aliyelazwa hospitalini. Tukavuta waya mrefu hadi kando ya kitanda. Injinia alinuna. Bibi yule aliongea na dada yake kila asubuhi mpaka mmoja wao akafa, na sikumbuki ni yupi.

Kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa kurudisha waya ulioibwa. Mji wetu umekaa juu ya shaba, mtu akichimba choo anaweza kukutana nayo, na bado watu walipanda nguzo zetu kukata ile kidogo tuliyoitundika. Papa Ngoie alisimama chini ya nguzo tupu, akavua kofia, akasema, “Imerudia kwa bandugu yake.” Kisha tulianza upya. Kazi hii ukiifanya kwa hasira utaiacha kabla ya mvua za pili.

Baadaye zikaja simu za mkononi, na waya wetu ukabaki mapambo. Wengi wa timu walirudi makwao. Papa Ngoie alistaafu, na mimi nikajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza: masahani ya setilaiti kwenye paa za makampuni, kisha modemu ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta, kisha waya wa kioo ambao sisi tunauita fibre. Nilijifunza kuunganisha fibre kwa mashine ambayo haitaki vumbi, katika mji ambao vumbi ndilo raia wa kwanza. Nilikuwa najifungia na mashine ndani ya gari, madirisha yamefungwa, jasho linanitoka, huku watu nje wanadhani nimelala.

Nataka mwelewe jambo moja kuhusu miaka ile. Rezo, huo mtandao wa simu, ilikuwa mbaya kweli. Mtu alipanda juu ya kichuguu ili apate sauti, na akishaipata alipiga kelele kama anayeita mbuzi. Basi maneno “rezo iko mubaya” yakageuka kuwa adabu. Kwetu humwambii mkubwa wako kwamba umechoka kumsikiliza. Humwambii shemeji kwamba hutaki kuisikia tena habari ya shule ya watoto wake. Unasema allô, allô, nakusikia kwa mbali, rezo, kisha unakata. Yeye anajua. Wewe unajua kwamba anajua. Jumapili mnasalimiana kanisani na hakuna aliyevunjiwa heshima. Nimeona undugu mwingi ukiokolewa na mnara mbovu.

Sasa ruta, kwa kuwa ndiyo mnayoulizwa. Ruta ni kile kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawia simu na kompyuta za ndani. Ya nyumbani iliyo nzuri ina njia mbili za kupokelea, moja ya fibre na nyingine ya kadi ya simu, na fibre ikikatika, ruta yenyewe inahamia kwenye kadi bila mtu kuinuka kitini. Mkiona ile ambayo lazima uizime na kuiwasha ndipo ihame, iacheni dukani. Hiyo haikupi njia ya akiba, inakupa kazi ya akiba. Na msimwamini muuzaji. Ombeni aiwashe palepale, achomoe waya wa kwanza mkiwa katikati ya mazungumzo, na sauti isikatike. Muuzaji akianza kuwaeleza sababu, mmeshapata jibu.

Njia mbili lazima ziwe mbili kweli. Nilikuwa na mteja kwenye barabara ya Mutshatsha, mwalimu mstaarabu, aliyenunua ruta ya kadi mbili na kuweka kadi za kampuni mbili tofauti. Alijisifu mtaa mzima. Siku moja zote mbili zikafa pamoja, akaniita akiwa amevimba. Nikamtoa nje, nikamwonyesha mnara nyuma ya nyumba yake. Kampuni zote mbili zilikuwa zimetundika antena kwenye mnara huohuo, na jenereta ya mnara ilikuwa imeishiwa mafuta. Alihesabu antena kwa kidole. “Kumbe njo ule ule tu?” alisema. Njo ule ule tu, tata, nilimjibu kwa heshima.

Halafu umeme. Bwawa la Nzilo tuko nalo jirani, na bado taa zinazimika kama kwa watu wengine. Ruta bila betri yake ndogo ni duka lililofungwa. Nimeona watu wananunua mashine ya kifahari, yenye njia zote, kisha wanaichomeka moja kwa moja ukutani na kulalamika kila jioni. Anzeni na betri, kisha ndipo muongelee mengine. Na iwekeni juu, mbali na jiko la makaa na mbali na mlango, vumbi lisiizibe mdomo.

Jambo la mwisho ni kupanga foleni. Nyumba moja ya jamaa wenye asili ya Kasai, ambao babu yao aliletwa kuchimba, ilikuwa na mama anayeuza vitenge. Aliwaonyesha wateja bidhaa kwa simu ya video, akinyoosha kitenge mbele ya kamera, na kila jioni picha yake iliganda mdomo ukiwa wazi kwa sababu vijana wake walikuwa chumba cha pili wanatazama mpira. Ruta nzuri inakuruhusu kusema: simu za video zipite kwanza, filamu na mpira vingoje. Siri yake ni hii. Msiipe ruta kasi yote ambayo laini inaahidi, ipunguzieni kidogo. Hapo foleni inakaa ndani ya nyumba, ambamo mna usemi, badala ya kukaa kule nje ambako hamna. Mama yule alinipa kitenge. Vijana wake hawakunisalimia tena.

Na hata mkipanga vizuri namna gani, mko Kolwezi. Bwana mmoja aliniita mbio: intaneti ya mtaa mzima imekufa, na yeye ndiye anayelalamika zaidi. Nikafuata fibre kutoka nguzo ya kona, ikaingia ardhini, ikaelekea kwake. Nikabisha. Sebuleni kwake makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, na katikati ya saruji kulikuwa na shimo ambalo sikuona mwisho wake, na kamba, na ndoo ya mawe. Alikuwa anatafuta madini chini ya televisheni yake.

“Na hii shimo, tata?” nilimwuliza.

“Ah, hii ni mambo ya ndani ya nyumba,” alinijibu. “We angalia rezo tu.”

Fibre ilikuwa inaning'inia ndani ya shimo, imekatwa kwa sururu. Niliiunganisha, nikaipitisha juu kwa nguzo, na mtaa ukarudi kuongea. Yeye aliendelea kuchimba.

Sasa nifike kwa Mama Veronika. Alikuwa mjane wa dereva wa treni, anakaa peke yake katika nyumba ya wafanyakazi wa reli, na chumba cha uani alikipangisha kwa wasichana wawili wanaosomea uuguzi. Aliniita mwenyewe. Nilikaa chini, nikanywa maji, nikauliza lile swali la Papa Ngoie, anataka kusema na nani, maana kufikia wakati ule lilikuwa langu.

“Na Serge,” alisema kabla sijamaliza. “Niko na mutoto moja tu, eko Afrika ya Kusini. Anapika telefone kila siku ya yenga, lakini rezo inakata. Hatumalizaka kusema.”

Kila Jumapili, baada ya misa, hakubadilisha nguo. Alikaa na kitenge chake cha kanisani na kilemba chake, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Majirani walipita nje ya dirisha, wakauliza kama Serge alipiga. Alipiga, aliwajibu, lakini rezo ilikata. Wote walitikisa kichwa, kwa kuwa nani asiyeijua rezo yetu.

Niliifanya nyumba ile kwa moyo wote. Fibre ilipita mtaani kwake, nikaiingiza. Kwa njia ya akiba nilichagua kadi ya kampuni ambayo mnara wake uko upande mwingine kabisa wa mji, nikiwa nimemkumbuka yule mwalimu. Nikaweka betri. Nikapanga foleni: simu ya mama kwanza kabla ya kitu chochote, na filamu za wale wasichana nyuma. Kisha nikatoka uani na kumpigia kwa video. Akiwa anaongea, nikachomoa fibre. Aliendelea kuongea. Nilipomwambia nilichofanya alipiga makofi.

“Yezu wangu! Sasa Serge hana tena fasi ya kupotelea.”

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Odile kama mtu aliyeponya mgonjwa. Mvua zikaisha, kiangazi kikaja, nikaingia kazi nyingine. Siku moja simu yangu ikalia. Ni yeye.

“Tata Kabwe, kuya utoshe ile kintu.”

Alitaka niiondoe ile ruta. Nikachukua vyombo vyote, nikidhani imeungua. Nilipima fibre, nzima. Nilipima kadi, nzima. Betri ilikuwa imejaa. Mama Veronika alikaa kwenye kiti chake, mikono imelala mapajani, akinitazama bila kuuliza.

“Mama, iko inatumika muzuri sana,” nilimwambia.

“Njo ile,” alisema. “Mbele, mutoto wangu alikuwa anashindwa kunipata. Sasa eko anakataa.”

Nilisema labda kazi ni nyingi. Nilisema labda amehama, amebadilisha namba. Aliniachia niseme yote.

“Kazi iko mingi toka zamani, tata. Lakini zamani bakiniuliza nilikuwa na jibu. Juzi jirani ananiambia, mama, na hii mashini yote, Serge hapike telefone? Nimujibu nini?”

Nikafungua tena mfuko wangu. Katika vyombo vyangu vyote hapakuwa na kimoja cha kazi ile.

“Toa ile ya pili,” aliniambia taratibu. “Na ile batri. Niachie ile inakatikaka.”

Nimefundishwa kurekebisha, hakuna aliyenifundisha kuharibu kwa heshima. Lakini yeye ndiye mwenye nyumba. Nikatoa kadi, nikafungua betri, nikavitia mfukoni. Tulikuwa bado tunakunywa chai umeme ulipokatika, na taa za ruta zikazimika zote kwa pamoja. Mama Veronika aliinua kidole kuelekea ile simu kwenye kopo la sukari, na uso wake ukafunguka.

“Unaona?” alisema. “Pengine njo sasa alikuwa anapika.”

Akaniongezea sukari. Nilikunywa chai ile yote pamoja na sukari yake, nawaambia kweli.

Odile hakushangaa nilipomweleza. Alikuwa anachambua matembele, hakuinua hata macho. “Ah, bantu banapenda mulango ifungiwe na mupepo,” alisema, “hapana na mutoto wao.”

Mwaka uliofuata Mama Veronika alihamia Kasaji, kwa dada yake mdogo. Nilimsindikiza na mizigo yake. Nikamwuliza kama anajua kwamba kule rezo inapatikana mahali pamoja tu, na hata hapo kuna kilima kinachoizuia. Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ile ya makofi.

“Njo sababu minaendea. Kule akinyamaza, siyuwe kama ni yeye ao ni kilima.”

Sikumwona tena. Nilisikia kwamba alilima karanga na kwamba alizikwa na watu wengi. Kama Serge alikuwamo, hakuna aliyeniambia.

Mimi na Odile tulikuwa na binti mmoja, Nadège, aliyekwenda kusoma Ubelgiji na kuolewa hukohuko. Nyumbani kwangu rezo haikuwahi kuwa mbaya, ingekuwa aibu. Kila Jumapili mchana Nadège alipiga, na simu ilikwenda kwa mama yake. Waliongea mpaka chakula kinapoa. Waliongea juu ya nywele, juu ya homa ya mtoto, juu ya namna ya kusonga bukari, ugali wetu, kwa unga wa Wazungu. Mimi nilikuwa kwenye kochi na gazeti. Mwishoni Odile aliigeuza simu upande wangu, Nadège akasema, “Papa, rezo yako iko muzuri!” nami nikasema asante, na tukaagana. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalitutosha. Nilikuwa na furaha kwenye kochi lile kuliko nilivyojua.

Odile alifariki kabla sijastaafu, kwa ugonjwa ambao haukumchelewesha. Nadège alikuja kuzika, akakaa, akarudi kwa watoto wake. Mwanzoni alipiga kila siku. Kisha kila Jumapili. Kisha Jumapili zikaanza kuruka. Tulipopatana tulisalimiana, tukaulizana afya, na baada ya hapo wote wawili tulitazama mahali ambapo Odile angekuwa. Wala si mtoto mbaya, msimfikirie hivyo. Mama yake ndiye aliyekuwa mazungumzo.

Wakati huo nilikuwa na ruta ya zamani, na nilijisikia nikisema kwa majirani kwamba imechoka, inakata.

Kisha mkaniaga. Mlinipikia, mkaniimbia, na mkaniambia niende dukani nichague ruta yoyote, timu itaigharamia. Mlidhani ni zawadi rahisi. Nilisimama mbele ya ile rafu muda mrefu kuliko mteja yeyote niliyewahi kumcheka. Muuzaji, mwenye kunifahamu, alinisogelea mara mbili. “Tata Kabwe, we njo mwalimu, na we unakosa ya kuchagua?” Kulikuwa na ile nyepesi, ya njia moja, isiyo na betri. Niliishika. Ingenitosha, mtu mmoja na simu moja. Ingekatika kila umeme ukikatika, kila mtu akichimba sebule yake. Na kila ikikatika ningeweza kufikiri kwamba pengine ndiyo saa Nadège alikuwa anapiga. Nilimkumbuka Mama Veronika na kidole chake kimeinuliwa, na nikamwelewa.

Niliirudisha. Nikachukua ya njia mbili, na betri yake. Wala si ushujaa. Nilitaka kujua tu. Mtu aliyepima laini za wengine maisha yake yote hawezi kukaa na yake bila kuipima.

Niliifunga mwenyewe, bila msaidizi wa kunishikia waya. Nilichomoa fibre, ikahamia kwenye kadi bila kutetereka. Nikafungua ukurasa wa kupanga foleni. Pale palipoandikwa vifaa vya nyumbani kulikuwa na simu yangu, chini yake hakuna kitu. Nikaiweka ya kwanza hata hivyo. Nikapunguza kasi kidogo kama nilivyowaambia, nikahifadhi. Nilikuwa nimepanga foleni ya mtu mmoja.

Jumapili ya kwanza nilikaa nayo mezani. Hakupiga. Jumapili iliyofuata hakupiga. Taa zote zilikuwa za kijani, na kila nilipozitazama zilinipa jibu nililoogopa. Ya tatu nikasema hapana, mimi si Mama Veronika, nina vidole. Nikapiga mimi.

Alipokea. Picha ilikuja safi, sijawahi kuona safi namna ile katika nyumba yoyote niliyoifunga. Niliona hereni zake. Niliona uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta yake. Nyuma yake kulikuwa na meza yenye sahani na watu nisiowajua.

“Papa! Uko muzuri?”

“Niko muzuri, mama. We? Batoto?”

“Bote beko muzuri.”

Nilikuwa na mengi. Nilitaka kumwambia kwamba bukari yangu inatoka na mabonge, na sijui mama yake alifanyaje. Kwamba bado nalala upande mmoja wa kitanda. Kwamba nimekuwa nikizungumza na redio. Nikafungua mdomo, nikasema, “Mvua imeanza huku.”

“Ah, muzuri,” alisema.

Nilitafuta Odile angeuliza nini. “Batoto bamekula nini leo?” niliuliza.

Alicheka kidogo, kwa mshangao. “Papa, leo unaulizaka habari ya chakula?” Nyuma yake mtu akasema kitu kwa Kifaransa na meza nzima ikacheka. Macho yake yakaenda kule, yakarudi kwangu, na nikaona amechoka, na ana huruma, na hajui aniweke wapi.

“Papa? Papa, sikusikie muzuri,” alisema. “Rezo iko mubaya kwenu.”

Sauti yake ilikuwa masikioni mwangu kana kwamba ameketi kwenye kochi. Ningeweza kumwambia. Kama kuna mtu mmoja Kolwezi nzima ambaye hawezi kudanganywa kwa maneno hayo, ni mimi.

“Ndiyo, mama,” nilimwambia. “Rezo ya huku unaiyuwa. Rudia kwa bageni, mi nitaangalia waya.”

“Angalia, papa. Nitakupika telefone.”

Akakata. Nikainuka, nikatoka nje, nikaufuata waya kutoka nguzoni hadi dirishani, nikiupapasa kwa vidole, kwa kuwa nilimwambia nitauangalia. Ulikuwa mzima.

Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Aliniona nimesimama pale na mkono juu.

“Tata Kabwe,” aliniita, “ni rezo?”

“Ni rezo,” nilimjibu.